NENO "CORBILLARD" LISITUPE HAYA



Juma lililopita tulienda kumzika baba ya mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu. Maiti ililetwa katika kamioneti ya jirani, ile inayopakia mihogo na makaa siku za soko. Waliiosha, wakatandika shuka jeupe, wakaweka sanduku. Mama na watoto waliketi kando yake, na kwaya wakapanda nyuma wakiimba. Mwenzetu aliporudi bwenini, akasikia wamoja wakicheka: "Hawakupata hata korbiyari!" Usiku ule hakula.

Mimi mkubwa wa wanafunzi nimewapa wale kazi ya kufyeka majani. Lakini neno lenyewe pia nataka tulielewe.

Mmoja alijitetea ya kwamba "corbillard" inatoka kwa "corbeau", ni kusema kunguru, ndege mweusi wa mauti, kwa hiyo sharti motokari iwe nyeusi na kung'aa. Hapana, ndugu yangu. Inatoka kwa Corbeil, mji ulio kando ya mto Seine, kusini ya Paris. Katika karne ya 16 jina hilo lilikuwa la mashua iliyokwenda na kurudi kati ya Corbeil na Paris, imebeba watu na mizigo yao. Nyuma yake likahamia kwa gari kubwa la farasi lililochukua watumishi wa wakubwa. Ni karibu na mwisho wa karne ya 18 tu ndipo likapewa gari la maiti.

Basi corbillard ya kwanza ilikuwa ya watu wazima na hai, na mizigo yao. Ile kamioneti ya mihogo, na mama akiketi ndani na watoto wake, iko karibu nayo kuliko lile gari la vioo mnalolisifu.

Na lile la vioo si la bure. Jamaa moja ninayoijua walikopa ili kulikodi siku moja tu. Muhula ule watoto wao wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya masomo. Je, marehemu angefurahi?

Sisi tuna neno letu, motokari ya maiti. Halidai rangi wala vioo.

Wale watatu waende kumwona mwenzetu mbele ya Jumapili. Wanajijua.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita