Kumbukumbu za Mkutano Zisimfute Mwanamke

Majuzi nilihudhuria mkutano wa wazazi na walimu katika shule moja hapa Nkoroi, Kaunti ya Kajiado, nikaombwa niandike kumbukumbu. Mwalimu mmoja wa kike alisimama akapendekeza kwamba fedha zilizotengewa lango jipya zitumiwe kwanza kujenga vyoo vya wasichana. Kabla hajamaliza kutoa sababu zake, mzazi mmoja alimkatiza: "Mama, tutafika huko." Hatukufika. Baada ya nusu saa, mwanamume mmoja alitoa shauri lilo hilo, akapigiwa makofi, na shauri likapita.

Niliporejea nyumbani niliyasoma niliyoyaandika: "Ilipendekezwa kwamba vyoo vijengwe." Ilipendekezwa na nani? Mimi ninayefundisha isimu nilikuwa nimemfuta mwalimu yule kwa kauli ya kutendwa.

Wapo watakaosema kwamba muhimu ni vyoo, wala si jina. Sikubaliani nao. Anayefutwa katika kumbukumbu leo hatakumbukwa kesho nyadhifa zitakapogawanywa. Isitoshe, aliyekatizwa mara tatu hunyamaza mara ya nne, na shauri ambalo lingetufaa sote likapotea.

Lugha yetu haina lawama. Kiswahili humwita mwanamume "yeye" na mwanamke "yeye", sarufi haiwabagui. Wabaguzi ni sisi watumiaji. Mwanamume tunamwita "Mwalimu" au "Daktari", ilhali mwenzake wa kike mwenye shahada ile ile tunamwita "Mama". Hilo ni jina la heshima kubwa, lakini mkutanoni aghalabu hutumiwa kumvua mtu cheo chake.

Jambo hili si la Nkoroi pekee. Mwaka 1975, Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchunguzi waliofanya huko California, Marekani. Katika mazungumzo baina ya wanaume na wanawake waliyoyarekodi, kati ya mara 48 za kukatizana, mara 46 wakatizaji walikuwa wanaume. Hapa Kenya, Profesa Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru Park mwaka 1989, wabunge walimkejeli badala ya kuijibu hoja yake. Jumba halikujengwa, bustani ingalipo.

Katiba ya mwaka 2010 inaagiza kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Katika kaunti yetu, wapiga kura wa Kajiado Mashariki walimchagua Peris Tobiko mwaka 2013, akawa mwanamke wa kwanza Mmaasai kuchaguliwa Mbunge. Hata hivyo, kupewa kiti ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kusikizwa.

Dawa haihitaji fedha. Mwenyekiti na amzuie anayemkatiza mwenzake. Anayeunga mkono hoja na amtaje mwenye hoja, kama walivyokubaliana kufanya wanawake waliofanya kazi katika Ikulu ya Marekani enzi za Rais Barack Obama. Naye mwandishi wa kumbukumbu na aandike majina ya watoa hoja.

Nami naanza na langu. Katika mkutano ujao, kumbukumbu zitakaposomwa ili zithibitishwe, nitaomba zisahihishwe, na jina la mwalimu yule liandikwe mahali pake.