Anayetengeneza fomu ya intaneti atunze kazi ya mwananchi

Siku hizi mambo mengi ya serikali, ya vyuo vikuu na ya kutafuta kazi yanapitia kwenye fomu ya intaneti. Kijana wa Goma, Bukavu au Bunia anayeomba nafasi ya masomo anajaza majina, tarehe ya kuzaliwa, asilimia aliyopata kwenye diploma ya serikali, kisha barua ya kueleza nia yake. Ni kazi ya saa nzima. Katikati simu inaita, umeme unakatika, ao mega zinaisha. Anaporudi, fomu ni tupu. Wengi wanalaumu mtandao. Mimi naona kosa mara nyingi ni la yule aliyetengeneza ukurasa.

Kivinjari, yaani programu tunayofungulia intaneti kama Chrome ao Firefox, kinaujulisha ukurasa mambo yanayotendeka: mtu amebonyeza, ameandika, anataka kutoka. Mafundi wanaita taarifa hizo matukio. Tukio la zamani la kuondoka linaitwa «beforeunload». Kwa njia yake, ukurasa unaomba kivinjari kimuulize mtu kama kweli anataka kutoka na kupoteza alichoandika. Zamani fundi aliweza kuweka maneno yake mwenyewe katika onyo hilo. Matapeli wakalitumia kwa kutisha watu wasitoke. Tangu 2016, Chrome na Firefox zinaonyesha maneno yao tu, na siku hizi kama mtu hajagusa kitu kwenye ukurasa, onyo halitokei.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaingia kwenye intaneti kwa simu, na kwenye simu onyo hilo si la kutegemea. Mwenye simu hafungi ukurasa: anahamia WhatsApp, anaitika mwito, anazima kioo ili kulinda betri. Simu yenye memori ndogo ikielemewa, inaua kivinjari kilicho nyuma bila kuuliza mtu, na ukurasa haupati taarifa yoyote. Tukio la mwisho ambalo fundi anaweza kulitumainia ni «visibilitychange», linalotokea pale ukurasa unapofichika machoni. Kwa kompyuta ya siberi ni vilevile: umeme ukikatika, hakuna onyo wala tukio.

Ndiyo maana dawa haiwezi kungojea dakika ya kutoka. Kila mwananchi anapomaliza kujaza sehemu moja, ukurasa uiandike papo hapo katika hifadhi ya kivinjari. Ukurasa ukifichika, uandike tena kilichobaki. Akirudi kesho, akute maneno yake. Hifadhi hiyo iko ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo haili mega hata moja. Kwa fundi, ni mistari michache ya kodi.

Kuna wanaopinga: simu inatumiwa na jamaa nzima, kompyuta ya siberi inatumiwa na mji mzima, je, siri za mtu hazitaonekana? Swali ni la haki. Jibu ni kumuuliza mtu kwanza kama anataka kazi yake ihifadhiwe, kufuta yote mara fomu inapotumwa, kumpa kitufe cha kufuta mwenyewe, na kutohifadhi kamwe neno la siri. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 katika inchi yetu inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini kulinda siri si sababu ya kutupa kazi ya mtu.

Wala tusiambiwe kwamba ujuzi haupo. Kurasa nyingi za biashara zinajua vizuri unapotaka kutoka: ghafla tangazo linaruka mbele yako likuombe ubaki, na dakika ulizokaa zimekwisha kuhesabiwa. Hayo pia ni matukio ya kivinjari. Yanatumiwa kwa faida ya mwenye ukurasa, hayatumiwi kwa faida ya anayejaza.

Hasara inamwangukia nani? Mwenye kompyuta na umeme wa saa zote ataandika upya, atakasirika kidogo, yaishe. Aliyenunua mega za siku moja, ao aliyelipa siberi kwa saa, atakosa tarehe ya mwisho. Nafasi ya masomo itakwenda kwa mwingine, na hakuna atakayejua kwamba alijaribu.

Basi wakubwa wa vyuo na wa ofisi, mbele ya kumlipa fundi, chukueni simu ya bei ndogo. Jazeni nusu ya fomu. Fungueni WhatsApp, itikeni mwito, zimeni simu kabisa, muiwashe tena. Mkikuta fomu ni tupu, kazi haijaisha: mrudishieni fundi, msilipe.