Dozi ya tatu huangukia likizo

Uvumi kwamba chanjo ya korona inaleta ugumba niliusikia sana Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, vyuo vilipofunguliwa tena Novemba 2021. Lakini jamani, wanafunzi wasipomaliza chanjo tusidhani ni uvumi tu, wala tusiwatupie lawama zote. Chukueni chanjo ya homa ya ini aina B: unapimwa kwanza, ukikutwa huna maambukizi unachanjwa, unarudi baada ya mwezi mmoja, kisha miezi sita baada ya dozi ya kwanza. Muhula wa Makerere ni wiki 17 tu! Dozi ya tatu inamkuta mwanafunzi yuko kwao Arua au Mbale, kadi ameiacha hosteli Kikoni. Wauguzi wawafuate wanafunzi hosteli jioni, na dozi iliyobaki mtu aipate bure kituo chochote cha afya kilicho karibu naye.