Zana za Kompyuta: Ni Mali ya Nani?

Watengenezaji wa tovuti hubishana mno kuhusu zana iliyo bora. Wepesi na uzuri husifiwa. Ni nadra kuulizwa zana hiyo ni mali ya nani.

Habari ya Flash yatosha kuwa funzo. Programu hiyo, mali ya kampuni ya Adobe tangu 2005, iliwezesha michoro kutembea ndani ya tovuti wakati ambapo lugha ya HTML haikuliweza jambo hilo. Lakini simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, Apple haikuiruhusu Flash humo. Na Aprili 2010 Steve Jobs alitangaza sababu zake, zikiwemo usalama na ulaji wa betri. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Majaribio ya fizikia ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, yaliyotungwa kwa Flash yalihitaji kuandikwa upya kwa HTML5. Masomo yaliyokosa wa kuyaandika upya hayafunguki tena katika vivinjari vya kawaida. Kinyume chake, kurasa za HTML za miaka ya 1990 zasomeka hadi leo, kwani kanuni zake zi wazi kwa wote.

Yasemwa kwamba Apple nayo ilitetea biashara yake. Huenda, ndiyo maana haifai kumfuata tembo yeyote. Mwanafunzi na aanze na HTML, CSS na JavaScript. Zana za makampuni zifuate. Mwalimu naye, atungapo somo, na ajiulize: ufunguo wake ameushika nani?