Ghasia za Vyuoni na Zizi la Kyuso

Imekuwa ada ya wenye mamlaka nchini Kenya, kila wanafunzi wa vyuo vikuu wanapotoka mabwenini na kufunga barabara kwa mawe, kuuliza kwanza ni nani aliyewachochea. Na jawabu, tangu zama za Rais Moi hata leo, ni lile lile: wanasiasa wenye hila, na ujana usiojua subira. Sikatai kwamba wachochezi wapo. Walakini sisi tuishio Kyuso, huku Kitui, ambako mvua ni haba na elimu ya mwana aghalabu hulipiwa kwa ndengu na mbuzi, twaona kwamba ghasia hizo huzaliwa mapema zaidi, na mbali na lango la chuo.

Mzazi wa hapa, barua ya chuo imfikapo, huanzia hesabu yake zizini. Wakati wa kuripoti, Agosti na Septemba, huangukia kiangazi, malisho yamekauka na mifugo imekonda. Mchuuzi sokoni hupapasa mgongo wa mbuzi, hutaja bei ya chini, naye mwenye mbuzi, kwa kuwa siku zimekwisha, huikubali. Mwana huondoka na fedha hizo hadi chuoni Kwa Vonza, au Nairobi, akiwa na ahadi kwamba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, utafuata. Mkopo ukikawia hana wa kumpigia simu, kwani zizi la nyumbani ameliacha tupu.

Hali hii ina historia. Mwaka wa 1991, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, serikali ilianzisha utaratibu wa wanafunzi kuchangia gharama za masomo yao, na vyuo vikachafuka. HELB iliundwa mwaka wa 1995, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hata mkulima wa ndengu aliweza kukihimili. Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili, uliowagawa wanafunzi kwa kadiri ya uwezo wa jamaa zao, na malalamiko yakazagaa kwamba wana wa mafukara wamehesabiwa miongoni mwa wenye nacho. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024. Serikali ikakata rufaa.

Fauka ya ufukara ipo dhuluma ya kutojibiwa, nami naiona ndiyo nzito zaidi. Wanafunzi hutuma wajumbe ofisini, huambiwa wangoje. Hurudi, ilhali wenzao wanashindia chai na mandazi na mitihani imekaribia, huambiwa wangoje. Barabara ikishafungwa, ndipo wakubwa hupata nafasi ya kuzungumza, na kijana mwenye akili hutambua upesi ni njia ipi inayosikilizwa. Wakati mwingine hujibiwa kwa risasi: Februari 2018, katika maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, kiongozi wao Evans Njoroge aliuawa. Hata Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopingwa barabarani, simu ziliwakusanya vijana kwa upesi wa ajabu, lakini uchungu waliokuja nao ulikwisha kuwamo vifuani.

Nawanasihi wahusika watangaze tarehe ya kutoa mikopo kabla ya vyuo kufunguliwa, na waishike. Na wajumbe wa wanafunzi wafikapo ofisini wapewe jawabu la maandishi siku hiyo hiyo, hata kama jawabu lenyewe ni kwamba fedha hazipo.