Maoni: Karatasi ya dawa ya kansa itunzwe kama kadi ya mgao

Ndugu msomaji, kadi ya mgao hakuna anayeichezea. Mvua ikianza kuvuja ndani, ndiyo tunayoikimbilia kwanza, kabla hata ya unga. Lakini karatasi za hospitali tunafungia karanga. Leo naomba tuzungumze juu ya karatasi moja inayoweza kuokoa moyo wako.

Katika mtaa ninaohudumia kuna mama aliyepewa rufaa kwenda kutibiwa saratani ya titi. Aliporudi tulimshukuru Mungu. Baada ya miezi kadhaa miguu yake ikaanza kuvimba, na usiku akawa analala ameketi, kwani akilala chali anakosa pumzi. Wengine walisema kansa imerudi, wengine wakasema amelogwa. Mimi mwenyewe nilifika kwake mara mbili, nikaongea habari za chandarua na choo, nikaondoka. Nilidhani ni uchovu wa dawa tu. Alipofikishwa kituo cha afya akiwa hoi, tabibu aliuliza: "Ulipewa dawa gani, na kiasi gani?" Karatasi ilikuwa imeoza kwa mvua.

Tatizo lilikuwa moyo. Si dawa zote za kansa zinazoumiza moyo, lakini baadhi zinaweza. Inayojulikana zaidi ni doksorubisini, dawa nyekundu inayoingizwa kwenye mshipa. Inapigana na kansa, ila inaweza kudhoofisha misuli ya moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa miguuni na kwenye mapafu.

Je, kwa nini tabibu aliuliza kiasi? Kwa sababu madhara ya dawa hii hujumlishwa, kila dozi juu ya ile iliyotangulia. Dozi hupimwa kwa ukubwa wa mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba jumla ikifika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, wagonjwa 5 hivi kati ya 100 hupata ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Ikifika 550, ni 26 hivi kati ya 100. Bila karatasi, daktari atakayetaka kukupa dawa hiyo tena atajuaje umebakiwa na nafasi kiasi gani? Hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto, wazee, wenye shinikizo la damu, na waliopigwa mionzi kifuani. Na dalili zinaweza kuchelewa hata miaka mingi.

Usinielewe vibaya. Sisemi mtu akatae dawa. Kansa isiyotibiwa inaua. Nasema tusimalize dawa tukadhani safari imekwisha.

Maoni yangu ni haya:

- Mgonjwa asiondoke hospitali ya rufaa bila karatasi yenye jina la dawa na jumla ya dozi. Iwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mgao. Ukirudi nyumbani au ukihamia nchi nyingine, nenda nayo.

- Ukivimba miguu, ukikosa pumzi, moyo ukienda mbio, au ukichoka kwa kazi ndogo, nenda kituoni mapema na useme: "Niliwahi kutibiwa kansa." Dawa za moyo zipo, na husaidia zaidi zikianzwa mapema.

- Dada mwenye mimba aliyewahi kupata dawa hizi amwambie mkunga, kwa sababu mimba huongezea moyo kazi.

- Sisi wahamasishaji tuulize. Chandarua ni muhimu, lakini si swali pekee.

Yule mama sasa anameza dawa za moyo. Anafika bombani taratibu, akipumzika njiani, na usiku analala. Kila nikipita kwake huniuliza: "Mwanangu, karatasi za wenzangu umeziona?" Nami nakuuliza wewe, ndugu msomaji: ya kwako iko wapi?