Boti Yetu, Jina Lako?

Mwezi huu nimepata barua pepe ya dada mmoja, Mtanzania mwenzetu anayeishi Toronto, Kanada. Yeye na mchumba wake walichanga pesa nusu kwa nusu, wakanunua boti ndogo ya mashine ya kutembelea Ziwa Ontario majira ya joto. Raha mustarehe! Sasa mdudu kaingia kwenye penzi, na jamaa anasema boti ni yake kwa sababu leseni ina jina lake peke yake. Dada anauliza, ndiyo nimeshaliwa?

Hapana dada, bado. Tatizo ni kwamba wengi tunachanganya leseni na usajili.

Kule Kanada, boti ya starehe yenye injini ya nguvu za farasi 10 au zaidi lazima iwe na leseni. Leseni hiyo ni namba, inaandikwa pande zote mbili za mbele ya boti kwa maandishi yasiyopungua sentimita 7.5 kwenda juu, ili polisi na waokoaji wajue hii ni boti gani na wamtafute nani. Basi. Si uthibitisho kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Wala usiichanganye na kadi ya dereva. Ile ni ya mtu anayeendesha, na ukishaipata ni ya maisha.

Usajili ni habari nyingine. Hapo boti inaingizwa kwenye daftari la vyombo la taifa, inapewa jina ambalo chombo kingine cha humo hakina, na inaandikiwa bandari yake. Umiliki unathibitishwa. Aliyekukopesha pesa ya kuinunua anaweza kuandikisha rehani yake humo humo. Kwa boti ya starehe usajili ni hiari, na ukisajili huhitaji tena leseni. Ila una gharama na makaratasi, ndiyo maana wengi hawahangaiki nao.

Kinachonifurahisha mimi ni hiki: sheria ya kule inagawa chombo kilichosajiliwa katika hisa 64. Kwa hiyo wapenzi wawili wanaweza kuandikishwa 32 kwa 32, kweupe kabisa. Hakuna cha "mpenzi, si unaniamini?"

Dada yangu, kwa kuwa yenu haikusajiliwa, silaha yako ni karatasi: hati ya mauziano, risiti, na taarifa ya benki inayoonyesha pesa ikitoka kwako. Zikusanye, umwone mwanasheria wa huko huko kabla jamaa hajaipiga bei.

Na ninyi mnaotaka boti huku nyumbani, msibebe sheria za Kanada. Waulizeni TASAC kwa Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Swali ni lile lile, iwe boti, gari au kiwanja: karatasi hii inasema mali inajulikana, au inasema ni yetu?

Kuandikishana si kukosa imani jamani. Anayekupenda kweli hatanuna ukimwambia, "Baby, na langu pia liandikwe." Akinuna, umeshajibiwa, tena kabla hujatoa hata senti.

Tukutane mwezi ujao!